Mfuko Aliotoka Nao Mkurugenzi

Mama Vifaranga alikuwa ameinama mbele ya mashine yake ya kutotolesha, sikio kalitega kwenye trei ya juu, anasikiliza. Ndani ya mayai mlikuwa na sauti. Ni ule mlio mwembamba wa kifaranga ambaye bado amejikunja ndani ya ganda lakini ameshahisi kwamba kuna nje. Akacheka peke yake kama mtu aliyesimuliwa kisa kitamu. Kesho, ikichelewa sana keshokutwa, trei zote zingejaa manyoya ya njano. Ndipo feni ilipokata pumzi, taa ya ndani ikazimika, na chumba kizima kikanyamaza ghafla.

"Wameukata?" mama mkwe wake akauliza kutoka uani, alikokuwa anapepeta mchele.

"Labda ni mtaa mzima, mama."

"Mtaa mzima wapi! Hiyo redio ya jirani si ndiyo inapiga kelele?"

Mama Vifaranga akatoka mbio, kandambili mguuni ni moja tu. Kwenye nguzo iliyokuwa nje ya uzio wao, fundi wa Kampuni alikuwa juu ya ngazi, koleo mkononi, waya wao tayari unaning'inia.

"Kaka! Kaka yangu, umekosea nyumba! Sisi tumelipa, risiti ziko ndani!"

"Sijakosea, dada."

"Basi kosa letu nini?"

Fundi akateremka taratibu, macho kwenye vidaraja vya ngazi. "Wamesema mita yenu inachunguzwa. Zaidi ya hapo sijui." Akaibeba ngazi begani, kisha akaona haya kuondoka hivi hivi. "Siku nyingine napewa orodha ya nyumba mpaka nachanganyikiwa. Leo nimepewa moja. Hii yenu. Sasa hilo ulijue, halafu usiseme kama ni mimi niliyekwambia. Nina watoto."

Mayai yale hayakuwa yake. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kazi ile. Watu walimletea mayai, yeye akayatotolesha, akalipwa vifaranga vikitoka. Trei ya juu ilikuwa ya mjane wa fundi viatu, aliyekopa ili anunue mayai ya mbegu nzuri. Zilizofuata zilikuwa za mwalimu mstaafu, za kikundi cha akina mama wa mtaa wa nyuma, na za kijana wa karakana aliyekuwa anataka kuoa. Kila mmoja alikuwa ameshajenga banda. Kila mmoja alikuwa anampigia simu asubuhi kuuliza, "Wanalia?" naye akijibu, "Wanalia, njoo Jumamosi."

Alikimbilia kwa jirani, fundi cherehani, ambaye ukuta wake na wao ulikuwa mmoja. Akamwomba avute waya dirishani, hata kwa siku moja, gharama atailipa yeye. Jirani alikuwa na nguo ya mteja mapajani. Hakunyanyua uso.

"Amepita hapa yule fundi. Anasema atakayewapa umeme naye anakatwa."

"Jirani, wale ni viumbe hai."

"Na mimi je? Hii cherehani naizungusha kwa mate?" Kisha sauti ikalegea. "Nisamehe, Mama Vifaranga. Kweli nisamehe." Akafunga dirisha pole pole, kwa adabu, na adabu ile ikamchoma kuliko kama angemtukana.

Walijikaza. Waliwasha majiko mawili ya mkaa, wakachemsha maji, wakajaza chupa na kuzipanga katikati ya trei, wakafunika mashine kwa mablanketi yote ya nyumba. Mkwewe, ambaye kwa kawaida aliwaita kuku wale "wanao wa kizungu", alijipachika mayai kifuani na kwapani, akajifunga kanga juu yake, akaketi bila kutikisika.

"Usinicheke," alisema. "Nimelea saba kwa joto hili hili."

"Sicheki, mama."

"Basi nenda kamwambie mumeo. Yupo huko huko kwenye ofisi ya umeme. Anamwendesha nani? Si mkubwa wao?"

Ndivyo ilivyokuwa, na ndicho kilichokuwa kinamtafuna Mama Vifaranga tangu fundi aseme nyumba ni moja tu. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva na yeye mkewe vile vile, hakuwa mtu wa Kampuni. Alikuwa wa Mamlaka, ile ofisi inayopanga bei ya umeme na kusikiliza watu walioonewa na Kampuni. Alimwendesha Mkurugenzi mwenyewe. Na kwa miezi sasa Kampuni ilikuwa inataka bei ipande karibu nusu nzima, Waziri anataka ipande, na Mkurugenzi anasema haipandi hata senti mpaka Kampuni ifungue vitabu vyake na kuonyesha fedha zinakokwenda.

*

Dereva alikuwa anafuta kioo cha gari uani mwa Mamlaka alipomwona mkewe anaingia na masizi ya mkaa usoni. Akajua kuna jambo. Alipoelezwa, kitambaa kilimdondoka.

"Usiende juu," akasema.

"Nisiende kwa nini? Kila anayeonewa na Kampuni si anakuja hapa? Au mpaka awe mke wa mtu mwingine?"

"Hujui hali ilivyo humu. Wanamtafutia Mkurugenzi sababu. Sheria inasema hafukuzwi mpaka apatikane na kosa, basi kila siku wanachimba. Juzi wamekagua mpaka mafuta ya gari."

"Dereva, mayai yanapoa."

Akampa kisogo, akapanda ngazi.

Mkurugenzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyekula chakula chake cha mchana mezani pake katika kibakuli alichokuja nacho kutoka nyumbani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alimpa kiti. Alimpa maji. Mama Vifaranga akaanza kuona mwanga.

"Walichofanya ni makosa," Mkurugenzi akasema. "Kumkatia mteja asiyedaiwa, bila notisi. Makosa kabisa. Utaandikisha malalamiko pale chini, utapewa namba. Kampuni ina siku kumi na nne za kujibu."

"Siku kumi na nne?" Alidhani amesikia vibaya. "Mama, vifaranga vinatoka kesho. Wewe ukiinua simu tu hiyo..."

"Naweza kuinua."

"Basi inua, mama yangu. Nakupigia magoti." Na kweli alikuwa ameshaanza kushuka kwenye kiti.

"Usipige magoti. Keti, tafadhali." Mkurugenzi alivua miwani. Bila miwani alionekana amechoka sana, kama mtu anayeuguza. "Nikiamuru leo nyumba ya dereva wangu iwashiwe umeme kabla ya wote walio kwenye foleni, kesho asubuhi iko redioni. Watasema natumia cheo kwa watu wangu. Na watakuwa wamesema kweli. Hicho ndicho wanachokisubiri. Nikiondoka hapa, bei inapanda kwa kila nyumba, na yako ikiwemo."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kutolewa kafara."

Mkurugenzi akairudisha miwani usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani sana, mama. Andikisha malalamiko."

Mama Vifaranga aliandikisha. Alipewa namba. Alishuka ngazi akampita mumewe bila kumtazama, na njia nzima alikuwa anaongea peke yake, watu wakimpisha.

*

Nyumbani alikuta mgeni. Harufu yake ilimpokea mlangoni kabla hajamwona: marashi mazito, ya duka la bei. Mwanamume nadhifu, shati limenyooshwa mpaka linakata, ameketi kwenye kiti cha plastiki ambacho kwanza alikifuta kwa leso. Mkwewe alikuwa ameketi mkabala naye, kimya, mikono imekumbatia kifua chake chenye mayai, anamtazama kama anayetazama nyoka aliyeingia jikoni.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni wa Kampuni, wa uhusiano mwema. Alitoa pole. Aliuliza vifaranga wanaendeleaje, kwa upole wa mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Chai hakutaka. Alisema atamsubiri baba mwenye nyumba, na haikuchukua muda Dereva akaingia, jasho linamtoka, ameomba ruhusa.

"Sikuja kumwomba mtu aseme uongo," Bwana Marashi akaanza. "Naomba hilo lieleweke. Mzee, uliwahi kumpeleka Mkurugenzi nyumbani kwa yule tajiri mwenye mitambo ya kufua umeme? Yule mshindani wetu?"

"Niliwahi. Siku mkewe alipofariki."

"Sikukuuliza siku gani. Ulimpeleka?"

"Ndiyo."

"Aliingia ndani?"

"Aliingia."

"Akatoka na mfuko?"

Dereva akamwangalia mkewe, kisha mgeni. "Alitoka na hotipoti yake. Alikuwa amewapelekea wali wafiwa. Aliiweka kwenye mfuko, mfuko ukachanika, mfuniko ukabingirika chini ya kiti changu. Mimi ndiye niliyeuokota."

"Mzee, mzee." Bwana Marashi alicheka kidogo, akitikisa kichwa. "Mimi nataka uandike mambo matatu tu uliyoyaona. Nilimpeleka. Aliingia. Alitoka na mfuko. Lipi hapo ni uongo? Ukiandika, mafundi wetu wako pale kona na ngazi. Kabla jua halijazama feni inazunguka." Akaiweka karatasi juu ya meza, na kalamu juu yake. "Usipoandika, hakuna atakayekulaumu. Uchunguzi wa mita utaendelea kama kawaida."

Dereva alisimama. "Toka nyumbani kwangu."

"Naweza kusubiri hapo nje," mgeni akasema kwa heshima, akatoka. Karatasi hakuichukua.

Kisha Mama Vifaranga akaenda chumbani, akarudi na yai moja, akaliweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Lisikilize."

"Mama Vifaranga..."

"Nimesema lisikilize!"

Akaliweka sikioni. Hakukuwa na sauti. Akaligeuza, akalitikisa kidogo, akaliweka tena sikioni kama anayesubiri simu ipokelewe.

"La trei ya juu hilo," mkewe akasema. "La mjane. Asubuhi lilikuwa linalia. Nyuma yake yako mamia. Nimekwenda kwa huyo mama yako mwenye haki, nimepiga magoti, amenipa namba. Namba! Niwafunike nayo?"

"Yule mama hajala shilingi ya mtu. Miaka yote hii hata soda ya kupewa hainywi."

"Na sisi tumekunywa nini kwa haki yake? Wenzako wanaoendesha wakubwa wamejenga. Wewe umerudi na nini hapa, zaidi ya sifa zake? Leo tumemhitaji mara moja tu. Mara moja, Dereva! Ametuangalia machoni akatutosa." Sauti ilimpasuka. "Jumamosi watakuja na maboksi yao. Wewe utakuwa kazini. Mimi ndiye nitakayesimama pale mlangoni."

Dereva akamgeukia mama yake. Bibi kizee hakutaka kuamua. Aliangalia chini, kwenye kanga iliyotuna mayai.

"Mimi mkono umeshakufa ganzi," alisema tu.

Dereva aliandika wima, bila kuketi, ameinamia meza. Mistari mitatu. Aliposaini alibonyeza kalamu mpaka ikatoboa.

*

Umeme ulirudi jua halijazama, kama walivyoahidiwa. Kampuni ilipotaka ilikuwa na miguu myepesi.

Trei ya juu ilikufa yote. Nyingine zilipona zaidi ya nusu. Vifaranga walitoka wamelowa, wanayumba, wakakauka wakawa mipira ya manyoya, na chumba kile kikajaa zogo ambalo siku nyingine lingemfanya Mama Vifaranga aimbe. Hakuimba. Aliwahamishia kwenye boksi la kulelea, chini ya taa ya joto, akawahesabia wenyewe mafungu yao kwa haki, akimkatia kila mwenye mayai kidogo ili na mjane apate chochote. Jumamosi walipokuja na maboksi yao, aliwaomba wawaache kwenye joto lake mpaka wapate nguvu. Dereva alipita mlango wa chumba kile bila kuingia. Walikuwa wanaongea mambo ya chumvi na sabuni tu.

Redio ilitangaza habari ya mfuko. Ilitajwa kwa namna ambayo hata asiyejua lolote angeona noti zinachungulia. Waziri aliunda kamati, na kamati haikukawia. Mkurugenzi aliposema mbele yake kwamba mfuko ule ulikuwa na hotipoti, ukumbi uliangua kicheko, na redio ilikipiga kicheko kile mara mbili katika taarifa ya saa saba. Mama Vifaranga alikisikia akiwa anabadilisha maji ya vifaranga. Aliizima redio.

"Kesho wananiita nikathibitishe maandishi yangu," Dereva akasema jioni ile, akiwa amekiinamia kiatu anachokipiga brashi.

"Nitakwenda nawe."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

*

Ukumbi ulikuwa na viyoyozi na viti vya mto. Mama Vifaranga aliketi nyuma kabisa, miongoni mwa waandishi wa habari na watu waliokuja kukwepa jua. Mbele, upande wa kushoto, aliuona mgongo wa Mkurugenzi, mdogo, umenyooka. Bwana Marashi alikuwa safu ya pili, anatuma ujumbe kwenye simu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye sauti tamu. "Shahidi, haya ni maandishi yako?"

"Ndiyo," Dereva akasema.

"Ulimpeleka pale?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ndiyo au hapana inatosha, mzee wangu. Aliingia ndani?"

"Ndiyo."

"Alitoka na mfuko?"

Dereva alinyamaza. Alishika ukingo wa ile meza ya mashahidi, kidole gumba kinasugua mbao. Mama Vifaranga alimjua mumewe kama anavyolijua jiko lake. Aliona mabega yanashuka, na akadhani, sasa atasema ndiyo, na tutakwenda nyumbani, na hatutazungumza tena mpaka kufa.

Hakujua amesimama saa ngapi.

"Ilikuwa hotipoti!" akapiga kelele. "Mwulizeni! Aliuokota mfuniko kwa mkono wake! Walitukatia umeme ili aandike, na mimi ndiye niliyemwambia aandike! Mimi hapa!"

Watu waligeuka. Wengine walicheka, kisha wakaacha. Askari wawili walikuwa wameshafika, wakamshika mikono, si kwa nguvu, kama wanaomsaidia mgonjwa. Alimwona Bwana Marashi ameweka simu sikioni. Mlango ukafungwa nyuma yake, kandambili yake moja ikabaki ndani, na askari mmoja akaufungua kidogo akamrushia.

Hakumsubiri mumewe. Alijua simu ile ilikuwa inakwenda wapi. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena, na alipokunja kona ya mtaa wao aliona ngazi tayari iko kwenye nguzo. Alikuwa fundi yule yule.

"Dada," fundi akasema kutoka juu, na akashindwa kuendelea.

"Kata," akamjibu. "Fanya kazi yako. Nipe dakika niwatoe kwenye taa."

Fundi alikaa juu ya ngazi akisubiri, amekumbatia nguzo, mpaka aliposikia bibi kizee ameita kwamba tayari. Hapo ndipo alipokata.

Vifaranga wale wangekufa kwa baridi kabla ya asubuhi. Njia ilikuwa moja: wapelekwe kwa wenyewe sasa hivi, kila mtu awahangaikie wake kwa jiko, kwa taa, kwa kuku mtetea, kwa chochote. Mama Vifaranga na mkwewe walikuwa wanatoboa maboksi matundu Dereva alipoingia, kwa miguu, bila koti la kazi. Aliangalia waya unaoning'inia nje, hakuuliza. Akapiga goti sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu siku aliyosaini, akaanza kuhesabu vifaranga kuwatia kwenye boksi.

"Umeshamwaga unga wetu," mkwewe akamwambia mwana wake, bila ukali. "Funguo za gari ziko wapi?"

"Wamesema niziache mezani."

Wakafanya kazi. Mama Vifaranga alisubiri mpaka mkwewe alipokwenda kutafuta kamba.

"Ungenilaumu tu ukamaliza," akasema. "Nilikusukuma uandike, halafu nikakuaibisha mbele za watu."

"Ungenisubiri."

"Ulikuwa umenyamaza!"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia." Dereva alimshika kifaranga mmoja aliyekuwa anataka kuruka ukingo wa boksi, akamrudisha. "Walipokutoa, nilianza. Nikasema yote. Msiba, wali, mfuniko, yule bwana na karatasi yake, ngazi pale kona."

Mikono ya mkewe ilisimama. "Wakaandika?"

"Mwenyekiti alisema hayahusiani. Katibu akaweka kalamu chini." Akakunja mfuniko wa boksi. "Jioni hii watatangaza. Wameshampata wa kukaimu. Ametoka huko huko kwenye Kampuni."

"Na bei?"

"Itapanda. Hilo usiulize."

Nje, mjane wa fundi viatu alikuwa ameshasikia, amekuja na karai, anabisha hodi kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Mama Vifaranga alifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka, akainama tena.

"Lakini yule mama," akauliza. "Alikuwa bado yumo ukumbini ulipokuwa unasema?"

"Alikuwepo."

"Alisikia?"

"Alisikia," Dereva akasema, akainua boksi la kwanza na kutangulia mlangoni.